Karatasi Tatu za Sanduku Moja

Mume wetu alikuwa mpishi wa melini, lakini mtaa mzima ulimwita Nahodha, na yeye aliitika bila haya. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wake wawili. Mimi ndiye bi mkubwa. Mdogo ni Kidosho, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe, enzi alipokuwa mwanafunzi wangu wa kushona. Nilimfundisha kutia uzi, nikamfundisha kukata kola, nikamfundisha kutoboa tundu la kifungo. Mengine alijifunza kwa mume wangu, mimi nikiwa nimeinamia pindo.

Nyumba zetu zilitazamana, katikati uchochoro wa hatua tisa. Nilizipima. Usidhani nilizipima kwa ubaya. Fundi hupima kila kitu.

Nahodha alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni usawa. Akinunua mche wa sabuni aliukata katikati kwa uzi, kisha akavipima vipande viganjani, jicho moja kalifumba. Akilala kwangu siku nne, kwa Kidosho siku nne. Mwaka mmoja mafua yalimshika akiwa kwangu, na nilimwona kabisa anavyosikitika yalipokwisha kabla hajavuka uchochoro kwenda kuyaumwa kwa mwenzangu.

Sasa, kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa namwomba kitu kimoja tu: cherehani ya kudarizi. Mimi nashona sare za shule, na sare bila nembo kifuani ni shati tu. Nembo zangu nilizidarizi kwa mkono, mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyegombana na nungunungu. Pale barabara kuu kulikuwa na mwanamume mmoja, Fundi Suti, aliyekuwa na mdomo kuliko mkasi. Siku moja alichukua shati la mtoto, akalitazama, akasema mbele ya wateja wangu, "Mama, huyu simba wako mbona ameomba maziwa?" Wateja wakacheka. Na kweli nilipomtazama yule simba, alikuwa paka.

Cherehani yenyewe naijua. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha sare, na mashine ya kudarizi ndiyo iliyokuwa yangu. Kiwanda kilipofungwa sikulia kwa ajili ya kazi. Nililia kwa ajili ya ile mashine.

Basi Nahodha akapiga simu kutoka bandari ya mbali. Akasema, "Mama watoto, safari hii ndiyo ya mwisho, nikirudi sitoki tena. Vitu nimevitanguliza kwa meli nyingine. Na ile cherehani ya kudarizi nimeinunua. Ya umeme. Sindano sita."

Sindano sita! Moyo ulinipanda mpaka hapa.

"Ya nani?" nikamuuliza.

Simu ikakatika. Simu za Nahodha zilikuwa na adabu ya kukatika zenyewe kila likija swali.

Wiki moja baadaye mtu wa vifurushi akanibishia hodi na bahasha ngumu. Ndani mlikuwa na karatasi moja nene, ina picha ya meli juu na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Pamoja nayo kulikuwa na kipande cha daftari chenye neno moja kwa mwandiko wa Nahodha: *Itunze*.

Nikajua jibu limekuja. Cherehani ni yangu. Nikatoka kibarazani kufagia, ingawa nilikwisha fagia, nipate tu kuutazama mlango wa Kidosho kwa huruma.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya wakala wa meli. Ofisi ina madirisha manne ya kioo, na kila dirisha lina kitundu chini cha kupitishia karatasi. Dirisha la pili alikaa karani mmoja mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi mweusi. Nikaibandika karatasi yangu kwenye kioo, uso umwelekee yeye.

"Ipitishe hapa chini, mama, niione vizuri."

"Ione hapo hapo. Ina macho na wewe una macho."

Akacheka kidogo, akaisoma hivyo hivyo kupitia kioo, kichwa kakiinamisha kama kuku anayetazama mdudu. Akasema, "Hii ni hati ya shehena, mama. Meli bado iko baharini, itafika baada ya siku kumi na mbili. Sanduku moja la mbao. Nauli imelipwa huko huko. Ikifika, njoo na karatasi hii hii yenyewe, usije na nakala."

"Nikiwa na kitambulisho changu, karatasi ya nini?"

"Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Hii ndiyo inayosema mzigo ni wa nani. Unaona hapa pa mpokeaji? Hapakuandikwa jina la mtu. Pameandikwa 'kwa amri ya aliyepakia'. Maana yake aliyepakia akimpa mtu karatasi hii, amempa sanduku. Sanduku likiwa katikati ya bahari, wewe umelishika hapo ulipo."

Nikaitazama ile karatasi kwa heshima mpya. Sindano sita ziko mkononi mwangu, na mkono hata haujachoka.

"Ila itunze," akaendelea. "Usiikunje, usiitoboe, na zaidi ya yote usiitie plastiki ngumu kama wanavyofanya watu na vyeti vyao. Siku ya kuchukua, mpokeaji anatia saini mgongoni na sisi tunagonga muhuri hapo hapo. Ikishatiwa plastiki tutaandika wapi? Na angalia hapa chini: zimetolewa hati halisi tatu."

"Tatu za masanduku matatu?"

"Tatu za sanduku moja. Ni desturi ya meli tangu zamani, moja ikipotea njiani nyingine ifike. Zote zina nguvu sawa. Anayefika wa kwanza na yake ndiye anayechukua, na hapo hapo zile mbili zinakufa."

"Hizo mbili nyingine ziko kwa nani?"

"Hilo, mama, muulize aliyetuma."

Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Nilikuwa nimeishi na mkata sabuni miaka ishirini na saba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kidosho. Nilisema nimekuja kuazima mkasi, mimi ambaye nina mikasi minane. Akanikaribisha sebuleni, akaenda ndani kuutafuta. Pale mezani alikuwa na kioo juu ya kitambaa, na chini ya kioo, imelala kama bibi harusi, karatasi nene yenye picha ya meli. Pembeni yake kipande cha daftari: *Itunze*.

Hata neno aligawa! Neno moja, herufi sita, hakuweza kuniachia peke yangu.

Nimezaa naye watoto watatu, nimemuuguza, nimemfulia makoti yanayonuka vitunguu vya bahari zote duniani, halafu karatasi yangu ni sawasawa na ya mtu ambaye juzi juzi nilikuwa namfundisha kushika sindano! Kama angempa yeye cherehani na mimi akaninyima, ningejua pa kulilia. Lakini ametupa wote kitu kimoja kisichokatika kwa uzi.

Kidosho akarudi na mkasi. Akaniona ninavyotazama, akatabasamu, na tabasamu lake lina mwanya, Mungu anisamehe, mzuri.

"Umeiona, Dada? Bwana ameniletea. Ndiyo hati ya ile cherehani. Nilikuwa naona haya kukwambia."

"Haya ya nini, mdogo wangu? Riziki yako hiyo." Sikumwambia kwamba yangu iko kwenye mfuko, imenigusa ubavu. "Lakini unaiweka hapa mezani? Akija mtu na chai?"

"Ndiyo maana nimeifunika kioo."

"Kioo kina pembeni. Chai haina adabu, inaingia." Nikageuza mkasi mkononi. "Mimi cheti changu cha ndoa nilikipeleka pale kwa mpiga picha, wakakibana plastiki ngumu. Mpaka leo ukikiona utasema ndoa ni ya jana."

Sikusema zaidi ya hapo. Cheti changu kweli kimetiwa plastiki, nenda kakione.

Jioni nikamwona anavuka barabara na bahasha, anatembea kwa madaha kuelekea kwa mpiga picha. Nikala chakula cha watu wawili.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa mlangoni mwa ofisi kabla hawajafungua. Karani wa uzi mweusi alipokaa tu, mimi nilikuwa dirishani. Safari hii nikaipitisha karatasi chini, nikaona vidole vyangu vinachelewa kuiachia. Akaisoma, akaigeuza, akaigeuza tena, akaiinua kwenye taa.

"Mama, mgongo mtupu."

"Si ulisema niitunze hivi hivi?"

"Wewe ndiyo. Lakini yeye aliyepakia ilimpasa atie saini hapa nyuma. Mzigo ni kwa amri yake, na saini yake ndiyo amri yenyewe. Bila hiyo, karatasi hii ameishika yeye bado, imekutembelea tu."

Hapo nikasikia marashi. Kidosho alikuwa nyuma yangu, viatu virefu, mkoba mpya, na mkononi karatasi inayong'aa kama sahani. Aliponiona, tabasamu likamganda. Alipoiona karatasi yangu kwa karani, likaanguka kabisa.

"Dada? Na wewe unayo?"

"Na mimi sina haki ya kuwa nayo?"

"Siku ile umekaa kwangu, umeazima mkasi wangu, hukusema!"

"Hukuniuliza."

Karani akanyoosha mkono, akaipokea ile ya Kidosho. Akaigeuza. Mgongoni, chini ya plastiki, saini ya Nahodha ilikuwa imelala imenona, na lile N lake lenye mkia kama wa panya. Mimi saini hiyo naifahamu kuliko uso wake, maana uso wake ulikuwa safarini zaidi.

Ameweka kwake. Kwangu hakuweka.

Wala sikusikia vizuri karani alivyokuwa akisema. Nilirudiwa na akili alipouliza, "Sasa hii nani amekushauri uitie plastiki? Mpokeaji atatia wapi saini? Muhuri utashika wapi? Mbona huyu mama mwenzako nilimwambia, wiki mbili zilizopita, hapa hapa dirishani?"

Karani yule ni mtu mwema. Watu wema ndio wanaotuumbua.

Kidosho akageuka polepole. Foleni nyuma yetu ikawa kimya, unajua watu wanavyonyamaza wakipata kitu kitamu. Nilidhani atanipiga kwa ule mkoba. Hakunipiga. Alinitazama tu, akasema kwa sauti ya chini, "Cheti cha ndoa."

"Kipo," nikasema. "Nitakuonyesha."

Mama mmoja kwenye foleni akaguna, "Haya, wake wenza hawa! Endeleeni, sisi hatuna haraka."

Karani, nadhani kwa kutaka kutuliza, akauliza, "Na hati ya tatu iko wapi?"

Nakwambia, ugomvi ulikatika kama uzi mbovu. Kidosho akanitazama. Nikamtazama. Sote wawili tukawaza mtu mmoja ambaye hatumjui, mwanamke, yuko mahali, ana meza na kioo.

Kidosho ndiye aliyekuja na simu, yangu ilibaki nyumbani. Tukasimama pembeni, vichwa vimegusana, yeye kaishika, mimi naongea.

"Ya tatu iko wapi?" Hata salamu sikutoa.

"Ya tatu nini?" Nahodha akauliza, na nyuma yake sufuria zinagongana.

"Karatasi! Umempa nani?"

"Ninayo mwenyewe, iko kwenye sanduku langu chini ya kitanda. Nimegawa sawa, moja kwako, moja kwa mwenzako, moja kwangu. Kuna nini?"

Pumzi alizoshusha Kidosho zilinipuliza shavu. Zangu nazo zilimpuliza lake.

"Kuna hivi: yake umetia saini, yangu hukutia. Kwa nini?"

Nikamwambia akithubutu kukata, nitamfuata kwa miguu.

"Nilitia zote, mama watoto. Nilikuwa nimesimama kaunta, watu wananisukuma. Labda mbili zilishikana nikaruka moja."

"Zikashikana yangu tu!"

"Basi iliyobaki ningeitia posta leo, lakini tunang'oa nanga sasa hivi, mahali petu pengine pa kutia nanga ni baada ya mwezi..." Na hapo simu ikakatika, na mara hii sijui kama ni yeye au ni bahari.

Mkubwa wa ofisi akaitwa, mwanamke mnene wa sauti nyororo, akaziweka karatasi zetu mbili sambamba mezani. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo silisahau.

"Saini ya mwenye mzigo inaonekana, hata kama iko chini ya plastiki. Kwa hiyo aliyepewa sanduku ni huyu mdogo. Tunaweza kumpa kwa barua ya ahadi badala ya saini ya mgongoni. Lakini hii ya pili tumeshaiona, hatuwezi kujifanya hatukuiona. Mama mkubwa lazima airudishe kwetu, na aandike kwamba hana dai lolote. Bila hivyo sanduku linabaki ghalani, na baada ya siku ishirini na moja linapigwa mnada."

Nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi yangu tupu.

"Acha lipigwe," nikasema, nikaondoka.

Najua utanihukumu. Nihukumu, lakini kaa kwanza kwenye kiti changu. Karatasi ile nikaiweka chini ya godoro, upande wangu, nikailalia. Kila siku nilijiambia kwamba sina ninachokosa; cherehani sikuwa nayo miaka yote, na siku zote nimekula. Kisha nawaza Kidosho kaikalia, mguu wake juu ya kikanyagio, sindano sita zinashuka kwa pamoja, na mimi upande wa pili wa hatua tisa natoboka vidole. Naamka, naigusa karatasi, nalala tena.

Kidosho hakuja kunibembeleza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alifagia kibaraza chake, aliniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Dada," kwa adabu zote, na mimi nikaitika "Marahaba" kwa meno. Siku ya tisa tu alisimama, fagio mkononi, akasema, "Ningekuwa mimi nilipewa ile isiyo na saini, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Nilijua," akasema, akaendelea kufagia. Nilitamani ajibu kitu kingine, nipate kumchukia vizuri.

Siku ya kumi na saba nilikwenda ofisi ya wakala. Sikwenda kwa nia yoyote, nilipita tu, kama unavyopita mlangoni kwa mtu uliyegombana naye kuona kama taa inawaka. Nje ukutani pana ubao wa matangazo, na juu yake walikuwa wamebandika orodha ya mizigo ya mnada ujao. Mbele ya ubao alisimama mwanamume, kipande cha chaki ya fundi nyuma ya sikio, ananakili namba kwenye kiganja cha mkono. Fundi Suti.

"Ah, mama wa paka!" akasema kwa furaha. "Umekuja kutafuta nini hapa?"

"Napita. Na wewe?"

"Nimesikia kuna cherehani ya kudarizi, sindano sita, mwenyewe hajulikani. Wanasema wanawake wawili wanaigombania, hakuna anayemwachia mwenzake. Mimi nasubiri wamalize kugombana." Akacheka mpaka chaki ikamwanguka. "Nikiipata, sare zote za zile shule tatu unazozishonea nitazishona mimi. Wewe nitakupa kazi ya vifungo, usijali. Macho yako bado yanaona vifungo?"

Sijui kama umewahi kubeba wivu wa aina mbili kwa wakati mmoja. Ni kama kubeba ndoo mbili, unapata kujua ipi nzito. Kidosho na sindano zangu sita, nilikuwa siwezi. Fundi Suti na sindano zangu sita, pumzi ilikatika kabisa. Yule msichana angalau kola zake zinakaa sawa, na anayejua sababu ni mimi.

Nilirudi mtaani kwa mwendo ambao sijautumia tangu nikiwa na meno yote. Nikainua godoro, nikachukua karatasi, nikavuka zile hatua tisa kwa hatua tano.

"Vaa viatu," nikamwambia Kidosho.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Vaa viatu kabla sijabadilika roho. Na lete lile sahani lako la plastiki."

Dirishani karani aliniandikia barua, akanisomea: "Mimi, mwenye hati ya pili, nairudisha hati hii, na sina dai lolote juu ya mzigo huu, leo wala baadaye."

"Futa 'baadaye'."

"Haifutiki, mama. Ndivyo ilivyo."

"Basi andika 'leo' kwa herufi kubwa."

Nikatia saini. Kidosho akageuza uso, akatazama dari. Kisha akatia yake kwenye barua ya ahadi, haraka haraka, kama anayeogopa kalamu itanyang'anywa. Muhuri ukagongwa. Sauti ya ule muhuri naisikia mpaka kesho.

Sanduku lililetwa kwa mkokoteni na wanaume wanne, wakaliingiza kwa Kidosho. Nikasimama mlangoni, mikono kifuani, mguu mmoja tu ndani. Walipolifungua, ndani mlikuwa na sufuria mbili sawa, blanketi mbili sawa, miavuli miwili sawa, na cherehani moja. Nyeupe, inang'aa, sindano zake sita zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nahodha alishindwa kugawa kitu kimoja tu maishani mwake, na ndicho hicho.

"Chukua sufuria yako, Dada. Na blanketi, na mwavuli."

"Mimi sina dai lolote," nikasema. "Leo wala baadaye. Nimeandika."

Lakini mwavuli nilichukua. Kulikuwa na mawingu.

Siku tatu zilizofuata nilikaa kibarazani kwangu kuanzia asubuhi, nikishona vifungo, nikisikiliza. Ile mashine ilikuja na kitabu cha maelezo cha lugha ambayo hata mganga hawezi kuisoma. Nikasikia ikiwaka, ikinguruma, kisha *tak!* Sindano imevunjika. Kimya. Inawaka tena, inanguruma, *tak!* Sijawahi kusikia ngoma nzuri kuliko ile. Siku ya tatu nilihesabu *tak* nne kabla ya saa sita, nikaimba.

Alasiri Kidosho akavuka. Macho mekundu, uzi wa rangi tatu umemganda kwenye nywele.

"Dada, nakuomba."

"Unaniomba nini? Mimi siruhusiwi hata kuigusa. Kisheria."

"Kisheria ni yangu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mwenyewe nakuruhusu." Akafuta pua kwa kiganja. "Unipe ushindi mimi au umpe yule fundi wa barabara kuu, chagua. Leo asubuhi amepita hapa, akasikia inavyovunja sindano, akaniambia niiuze kwake. Akacheka."

Sikumaliza hata kumsikiliza. Nilikuwa nimeshafika uchochoroni.

Nilipokaa mbele ya ile mashine, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, kama mtu anayerudi nyumba aliyozaliwa na kupapasa ukuta akakuta swichi. Nilitia nyuzi sita. Nikarekebisha mkazo. Nikabonyeza. Simba akatokea kwenye kitambaa, manyoya yake ya shingo, meno yake, simba kabisa. Kidosho akashika mdomo. Mimi nikajifanya nakuna jicho.

Tukaelewana hivi: asubuhi mashine ni yangu, mchana ni yake, mpaka Nahodha aliporudi, na baada ya Nahodha kurudi pia. Alirudi na karatasi yake ya tatu mfukoni, imekunjwa mara nane, akauliza kama bado inafaa kitu. Tukamwambia imekufa. Saini ilikuwapo mgongoni, nzuri tu. Nikamuuliza tena kuhusu yangu, akaapa tena kwamba zilishikana, na usiku ule zamu ilikuwa kwangu, nikamgeuzia mgongo mtupu kama wa karatasi ile.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimfundisha Kidosho kila kitu cha ile mashine: nyuzi, mkazo, mafuta, sindano. Lakini chini, nyuma ya kifuniko, kuna skrubu moja ndogo kama punje ya mtama. Hiyo sikumwonyesha. Kila nikimaliza zamu yangu, kabla sijaondoka, naigeuza robo kuelekea kushoto. Yeye akianza mchana inamshonea vizuri kwa saa moja hivi, halafu nyuzi zinaanza kulegea. Basi anasimama mlangoni, anaita, "Dada, imeanza tena!" Navuka polepole, natikisa kichwa, namwambia mashine hizi zinataka mtu mzima, namtuma maji ya kunywa, na akigeuka tu nairudisha. Kwenye makaratasi ni yake. Mimi niliridhika na robo ya skrubu.

Miaka imepita. Mashine imechakaa, na sisi pia. Juzi nilimaliza kazi yangu, nikatoka uani kunawa mikono, niliporudi nikainama, nikaingiza bisibisi nyuma ya kifuniko kama kawaida yangu. Skrubu ilikuwa imeshageuzwa. Robo, kushoto, sawasawa. Wala sijaigusa.

Nikakaa pale sakafuni, bisibisi mkononi. Kidosho alikuwa jikoni, nasikia anapanga vikombe viwili. Kwa hiyo anaijua. Tangu lini? Na kama anaijua, kwa nini miaka yote hii anasimama mlangoni kuniita?

Nilifikiri sana, ila sikufikiri vitu vya maana. Nilichofikiri ni hiki: nani amemruhusu kugusa skrubu yangu?